Xeon ya mtumba au Core i5 ya ofisini: ipi uipeleke nyumbani?

Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, iwe Mwanjelwa hapa Mbeya au Iringa mjini, utakuta mashine mbili zimepangwa jirani na bei zake hazipishani sana. Ya kwanza ni kubwa, nzito, nyeusi: HP Z420 au Dell Precision, ndani ina prosesa ya Xeon yenye viini vinane (kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi) na RAM ya GB 32. Ya pili ni ndogo, unaibeba kwapani: HP EliteDesk au Dell OptiPlex yenye Core i5 na RAM ya GB 8. Muuzaji ataanza na kubwa. "Boss, hii ni ya seva, haifi leo wala kesho. Viini vinane, RAM thelathini na mbili. Hiyo nyingine ni ya kuandikia barua."

Simwiti mwongo, maana namba alizotaja ni za kweli. Ila namba hizo hazimsaidii sana mtu anayenunua kompyuta moja ya kukaa sebuleni, inayokula umeme wa LUKU yake mwenyewe, na ikiharibika fundi wa kuitengeneza ni wa mtaani. Msimamo wangu nauweka mapema: nyumba nyingi za huku Nyanda za Juu Kusini zichukue Core i5, na mfuko ukiruhusu iwe ya kizazi cha nane, yaani ile ambayo namba yake inaanza na 8, kama i5-8500. Xeon nayo ina watu wake, nao tunaishi nao hapa hapa. Nitawafikia.

Kwanza, kwa nini prosesa ya seva iuzwe bei ya kutupa? Xeon E5-2670 ilipotoka mwaka 2012, Intel iliiorodhesha kwa zaidi ya dola 1,500, prosesa peke yake bila kitu kingine. Makampuni yenye seva nyingi hubadilisha mashine zake kila baada ya miaka michache, na zikitolewa zinatoka kwa maelfu kwa mpigo. Prosesa zinajaa sokoni, mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) za kuziweka ni chache, bei inaporomoka. Kwa hiyo urahisi wake haumaanishi ni mbovu. Prosesa ni kifaa ambacho hufa kwa nadra sana. Vinavyokufa ni vile vinavyoizunguka.

Namba zenyewe

| Prosesa | Mwaka | Viini / nyuzi | Mwendo (GHz) | Wati | Picha ya ndani | RAM |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Xeon E5-2670 | 2012 | 8 / 16 | 2.6 hadi 3.3 | 115 | hakuna | DDR3 |
| Xeon E5-2680 v4 | 2016 | 14 / 28 | 2.4 hadi 3.3 | 120 | hakuna | DDR4 |
| Xeon E3-1240 v2 | 2012 | 4 / 8 | 3.4 hadi 3.8 | 69 | hakuna | DDR3 |
| Core i5-4590 | 2014 | 4 / 4 | 3.3 hadi 3.7 | 84 | HD 4600 | DDR3 |
| Core i5-8500 | 2018 | 6 / 6 | 3.0 hadi 4.1 | 65 | UHD 630 | DDR4 |

Safu ya viini ndiyo inayouza Xeon (nyuzi ni idadi ya kazi ambazo viini hivyo vinaweza kushika kwa wakati mmoja). Lakini viini vingi vinasaidia pale tu kazi inapogawanyika. Watu wanane wanavuna shamba la viazi Uyole na kumaliza mapema. Wape wanane hao sufuria moja ya ugali waisonge, haitaiva haraka kuliko angesonga mmoja. Kazi nyingi za nyumbani ni za aina ya sufuria. Kufungua Word, kurasa za intaneti, Excel ya kikundi cha kuweka na kukopa, kikao cha Zoom, AutoCAD ya mwanafunzi anayechora nyumba: hizo zote zinategemea kasi ya kiini kimoja au viwili. Hapo i5-8500 inaipita E5-2670 karibu mara moja na nusu, kwa sababu ina mwendo mkubwa na pia imetengenezwa kwa ufundi mpya unaofanya kazi nyingi zaidi katika kila mzunguko.

Kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia, na huenda halijui. Hata kwenye kazi inayogawanyika, viini sita vya i5-8500 vinakwenda sambamba na viini vinane vya E5-2670, na mara nyingine vinatangulia. Miaka sita katikati ya 2012 na 2018 si midogo. Xeon hiyo inaishinda vizuri i5-4590, ndiyo. Kuishinda i5-8500 kwa uzito wa kazi, unahitaji E5-2680 v4 na wenzake wa umri ule. Kwa hiyo mtu akikuambia "Xeon" tu, hajakuambia kitu. Muulize namba kamili, na hasa hicho kijitarakimu cha mwisho: v2, v3, v4. Zisizo na kitu mwishoni na zile za v2 hazina AVX2, yaani amri za hesabu zilizoanza kwenye prosesa za mwaka 2013, na programu kadhaa mpya za kuhariri video pamoja na baadhi ya michezo hukataa kufunguka bila hizo.

Picha kwenye kioo

Tazama tena jedwali. Xeon zote tatu hazina picha ya ndani, yaani sehemu ya prosesa yenyewe inayotoa picha kwenye kioo. Ukiwasha mashine bila kadi ya picha, kioo kitabaki cheusi. Hivyo kwenye bei ya Xeon ongeza kadi, na hapa ndipo wengi wanapewa kadi yoyote iliyokuwa kwenye droo: GT 710, Quadro K600. Zinaonyesha picha, basi. Video za YouTube siku hizi zinakuja kwa mfumo wa VP9, na kadi hizo hazijui kuufungua, kwa hiyo prosesa inabebeshwa mzigo na feni zinaanza kulia kwa sababu mtoto anaangalia katuni. GT 1030 inaufungua. Core i5 za kizazi cha saba kwenda juu zinaufungua zenyewe bila kadi. i5-4590 haiufungui kikamilifu, ikumbukwe, hata kama ina picha ya ndani.

Wanaohariri video za harusi, send-off na kipaimara wasikilize hapa zaidi kuliko mahali pengine pote. Picha ya ndani ya Core ina kitengo maalumu cha kusoma na kuandika video za H.264 (mfumo wa kubana video), Intel inakiita Quick Sync, na kimekuwepo tangu 2011. Kamera nyingi za wapiga picha wetu zinatoa H.264. Ukiwa kwenye Premiere, programu ya kuhariri video, unasogeza mstari mbele na nyuma kutafuta pale bibi harusi anapoingia ukumbini, i5-8500 inaenda laini wakati Xeon yenye viini vingi na kadi dhaifu inakwamakwama. Xeon hiyo hiyo ukiipa kadi nzuri mambo yanabadilika, ila sasa hesabu si ya kompyuta ya bei nafuu tena.

LUKU

Sehemu hii ndiyo ningependa isomwe mara mbili.

Zile wati 115 kwenye jedwali ni za prosesa ikiwa kazini kwa nguvu. Nyumbani kompyuta inakaa muda mwingi bila kazi kubwa: mtu anasoma, anaandika, ameenda kunywa chai. Mashine kubwa ya Xeon yenye kadi ya picha hapo inavuta kama wati 80 au 90. EliteDesk ndogo ya i5 inavuta kama 25. Tuseme tofauti ni wati 60, tusimwonee mtu. Ukiwasha kwa saa sita kila siku, kwa mwezi ni uniti 10.8 za ziada.

Kwa viwango vilivyopo tangu 2016, mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti, na ukiongeza kodi na tozo inafika 122. Mtumiaji wa kawaida ni shilingi 292, ambayo pamoja na makato ni kama 356. Kwa mtumiaji wa kawaida, Xeon inaongeza karibu shilingi 3,850 kwa mwezi, yaani elfu arobaini na sita na ushee kwa mwaka. Si pesa ya kukutoa jasho, ila ni pesa. Kompyuta utakaa nayo miaka minne, mitano, zidisha mwenyewe.

Hatari iko kwa yule wa uniti 75. Chukua nyumba inayotumia uniti 68: taa, televisheni, friji dogo, pasi. Inalipa kama shilingi 8,300. Ukiingiza Xeon, inafika karibu 79. Zile uniti zilizovuka 75 zinatozwa shilingi 350 kila moja kabla ya makato, na ukiendelea kuvuka utajikuta umehamishiwa kundi la kawaida. Hapo uniti zako zote 79 zinahesabiwa kwa 356, na umeme wa elfu nane unakuwa wa elfu ishirini na nane. Kompyuta imekula uniti kumi na moja lakini imekugharimu elfu ishirini kila mwezi. Kabla hujanunua, fungua zile meseji za LUKU za miezi mitatu iliyopita, jumlisha uniti. Kama uko chini ya 55 una nafasi ya kupumua. Kama uko 65 na kuendelea, Xeon sikushauri hata uipewe bure.

Umeme unapokatika ni hadithi nyingine ya namna hiyo hiyo. UPS, betri za kushikilia mashine umeme ukikatika, za bei ndogo zilizojaa madukani, zile za VA 650, ndani mara nyingi zina betri moja ya volti 12 na ampea 7. Kwa i5 na kioo cha LED inakupa muda wa kumaliza aya, kuhifadhi, hata kusubiri kidogo kuona kama umeme unarudi. Kwa Xeon inayofanya kazi na kuvuta wati 200 pamoja na kioo, una dakika chache za kuzima, na betri ikiwa imechoka hata hizo hupati. Msimu wa mvua Rungwe na Mbeya radi hazina adabu, hivyo UPS si anasa. Na wanaotumia sola, wa Chunya vijijini au Makete, wala wasianze kufikiria Xeon. I5 ndogo inalingana na mfumo wao.

Kuhusu joto, huku hatuna shida sana. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo kwa feni lakini ni baridi, na Njombe mwezi wa saba mtu anaweza hata kufurahi kuwa na Xeon chumbani. Kyela ni joto, huko feni zitazunguka. Adui wetu wa kweli ni vumbi la kiangazi. Safisha.

Ikiharibika

Hapa mizani inakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Mashine hizi zote za HP na Dell zina tabia ya kutumia vifaa vyao wenyewe. Pawa saplai ya Z420 ina soketi kuu ya pini 18 badala ya 24 za kawaida, kwa hiyo ile uliyoiona dukani Sokomatola haiingii. Lakini OptiPlex 9020 nayo ni ya pini 8. OptiPlex 7010 ya kesi kubwa inatumia pini 24, na ni sababu mojawapo mafundi wanaipenda mpaka leo. Tofauti kubwa ni wingi: OptiPlex na EliteDesk zilizokufa zimejaa kwa mafundi, unapata pawa saplai, feni, hata mazabodi ya kuchinja. Z420 iliyokufa si rahisi kuikuta hapa, utaagiza Dar es Salaam.

Kuna njia ya tatu ambayo vijana wanaipenda: kununua prosesa ya Xeon peke yake na mazabodi mpya kutoka China, zile zinazoitwa X79 au X99. Kwa pesa ile ile unapata viini kumi na vinne. Nyingi zimeundwa kwa chipu zilizotolewa kwenye mazabodi za zamani, ubora wake unapishana kutoka moja hadi nyingine, nyingine zinakataa kulala na kuamka vizuri, na ukitaka BIOS mpya (programu ndogo inayoiwasha mashine) unahangaika. Kama wewe mwenyewe ni fundi, cheza. Kama unamnunulia mama yako aliyeko Tukuyu, hapana.

RAM nayo ina mtego. Seva zinatumia RAM aina ya RDIMM, ambayo ni rahisi sana kwa mtumba, na ndiyo inayofanya Xeon ije na GB 32 au 64 kwa bei ya kushangaza. RAM hiyo inaingia kwenye tundu la kompyuta ya kawaida bila shida, ila mashine haiwaki. Usiichanganye na ya kawaida hata ndani ya Xeon yenyewe. Halafu E5, zile Xeon kubwa, zina njia nne za RAM: kipande kimoja cha GB 16 kinaibana prosesa, vinne vya GB 4 vinaifungua.

Xeon ndogo

E3 ni mnyama tofauti na inastahili kutajwa peke yake. E3-1240 v2, au E3-1230 v3, kimsingi ni Core i7 ya wakati wake iliyovuliwa picha ya ndani. Inatumia RAM ya kawaida, wati 69 au 80, na mara nyingi inakubali kuingia kwenye mazabodi za kawaida za soketi yake, 1155 kwa v2 na 1150 kwa v3, mradi BIOS iitambue. Una OptiPlex ya i5 ya kizazi cha tatu na ina kadi ya picha tayari? E3 v2 ni njia ya bei ndogo ya kupata nyuzi nane. Zile zinazoishia na 5, mfano E3-1245 v2, zina picha ya ndani. Ila ishia v3: kuanzia v5 Intel ilizifungia kwenye mazabodi za seva na kompyuta za kazi nzito tu, kwenye ya kawaida haziwaki.

Nani achukue Xeon kubwa

Mwanafunzi wa mitandao pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, anayetaka kuendesha kompyuta pepe tano kwa wakati mmoja ndani ya mashine moja: huyo RAM ya GB 64 na viini vingi ni chakula chake, na hakuna i5 ya mtumba itakayompa kwa bei hiyo. Anayetengeneza picha za majengo kwa Blender na kuziacha zichemke usiku kucha kwa kutumia prosesa. Mwenye studio ya kwaya anayerundika sauti arobaini na madoido juu yake, ingawa yeye aende kwenye v3 au v4 maana kiini kimoja kimoja nacho kinahesabika. Hao kazi inawaingizia pesa, na pesa hiyo inalipa LUKU. Mchezaji wa mpira wa kompyuta hayumo kwenye orodha hii. Yeye anahitaji kiini chenye kasi na kadi nzuri, kwa hiyo i5 ya kesi kubwa. Zile EliteDesk nyembamba hazipokei kadi ndefu na pawa saplai zake ni ndogo, hilo ni kosa lao la kweli na usilifumbie macho.

Na mtu asikuletee seva ya kulala, zile bapa kama Dell R720. Feni zake hutalala nazo nyumba moja.

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Core kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo kwenye jedwali letu ni i5-8500 pekee iliyo ndani. Xeon zote tatu na i5-4590 ziko nje, ingawa mafundi wanajua kupenya. Ukikubali Linux Mint, zote zinaendelea kuishi.

Ukiwa dukani

Mwambie muuzaji awashe mbele yako, na ufungue CPU-Z, programu ya bure inayoonyesha jina halisi la prosesa. Kama ni Xeon, soma kama inasema ni sampuli. Zipo prosesa za majaribio zilizochongwa juu yake "Intel Confidential", hizo acha. Hakikisha RAM yote inaonekana. Mashine yenye vipande vinne inayosoma vitatu mara nyingi ina pini iliyopinda chini ya prosesa, na si kwamba "kipande kimoja kimelegea" kama utakavyoambiwa. Iache YouTube icheze kwa nusu saa huku ukisikiliza feni.

Kama unaagiza kutoka Kariakoo na mzigo unapanda basi, mwombe mtumaji achomoe kadi ya picha na aifunge pembeni. Kadi nzito iliyoning'inia ndani ya kesi mpaka ipite Kitonga na matuta yote hadi Mbeya inaweza kufika imevunja tundu lake, na hapo hata Xeon nzima itakuwa haina pa kutolea picha. EliteDesk ndogo isiyo na kadi ifunge kwenye blanketi, itafika.